Mtungi Kati ya Treni Mbili

Agosti 29, Jumamosi. Joto, mawingu. Presha 146 kwa 92.

Daktari wa mtaa amenipa daftari hili niandike presha kila asubuhi. Kurasa ni kubwa na presha ni namba mbili tu, kwa hiyo nafasi inayobaki nitaitumia nitakavyo. Nimefanya kazi kiwanda cha televisheni hapa Mianyang miaka thelathini na moja, nikikagua kasoro. Mtu wa namna hiyo hawezi kuachiwa karatasi tupu akakaa kimya.

Leo namba imepanda kwa sababu ninayoijua. Yinchun, mwanangu wa pekee, amepiga simu ya video kutoka Xi'an anakofanya kazi ya uuguzi. Kando yake alikuwepo kijana amekaa wima kama anapigwa picha ya kitambulisho.

"Mama, huyu ndiye Kaiyuan. Tunataka kuoana. Wazazi wake wanaomba familia zikutane mapumziko ya Sikukuu ya Taifa, wiki ya kwanza ya Oktoba."

"Shikamoo, shangazi," akasema kijana, kama vijana wa huku wanavyotuita wanawake wa umri wangu.

Anaitwa Dang Kaiyuan, fundi wa lifti. Mzaliwa wa Xi'an, wazazi wa Xi'an, babu wa Xi'an, wote walaji wa tambi, si wali kama sisi. Nikamuuliza Yin kama wanaume wa Mianyang wamekwisha.

"Mama, ni safari ya saa tatu tu kwa treni ya mwendo kasi. Hata hazitimii."

"Na kwa treni ya kawaida?"

"Nani anapanda ya kawaida siku hizi?"

"Nimeuliza, kwa treni ya kawaida?"

Akatazama pembeni. "Kumi na tatu."

Nikamwambia umbali wa mtoto haupimwi kwa siku nzuri. Unapimwa kwa siku mbaya: ni sikukuu, tiketi za mwendo kasi zimekwisha kabla hujavaa miwani, mvua inamwagika, na mama yako ameanguka bafuni. Siku hiyo utapanda nini? Akasema, "Haya, mama ameanza." Nimeanza kweli, na sijamaliza.

Agosti 31. 144 kwa 90.

Mume wangu, Mzee Tao, anasema yule kijana ana masikio mazuri. Hiyo ndiyo tathmini yake yote.

Septemba 4, Ijumaa. Jua la mwisho mwisho. 141 kwa 90.

Pilipili ndefu zimefika sokoni, nyekundu, ngumu, mikia mibichi. Nimenunua kapu zima. Mama Leng wa ghorofa ya chini amekuja kunisaidia kuzifuta maji moja moja, maana tone la maji mabichi likiingia mtungini ni balaa.

Mtungi wangu unafika magotini. Una shingo yenye mfereji. Unajaza maji kwenye mfereji, unafunika bakuli juu yake, hewa ya nje haiingii. Ndani kuna maji ya chumvi niliyopewa na mama yangu nilipoolewa, naye alipewa na mama yake kule Yanting, na yule aliyapata kwa nani sijui. Huchota, huongeza chumvi, huongeza mboga, maji ni yale yale. Kwetu binti akianza nyumba yake mama humpa maji ya mtungi. Bila hayo atakula mboga zenye chumvi na kujidanganya kuwa ni achari.

"Utampa Yin?" Mama Leng akauliza.

"Maji haya hayajazoea tambi."

Hakucheka. Binti yake aliolewa Dalian. Anakuja kila baada ya miaka mitatu na akija analala siku nzima. "Wangu aliniambia ndege ni saa tatu tu," akasema, akaendelea kufuta pilipili. Presha yangu ningeipima wakati ule mashine ingepasuka.

Septemba 8. Mawingu. 143 kwa 91.

Fundi wa lifti amenitumia jedwali. Upande mmoja treni ya mwendo kasi, upande wa pili treni ya kawaida, Mianyang hadi Xi'an. Ya kwanza inapita chini ya milima ya Qinling, shimo baada ya shimo, simu haishiki. Ya pili inaipanda milima kwa kuzunguka. Ya kwanza zipo nyingi tangu asubuhi hadi jioni. Ya pili ni chache na nauli haifiki nusu. Ya kwanza inashusha stesheni ya kaskazini, mbali, halafu upande treni ya chini ya ardhi; ya pili inashusha mjini kabisa, karibu na ukuta wa kale. Chini ameandika: "Shangazi, nimehesabu kutoka mlango wenu hadi mlango wetu, sio stesheni hadi stesheni."

Nimelikagua mara tatu. Kisha nikamtumia sauti: "Jedwali lako lina kasoro. Hakuna mstari wa siku mbaya."

Baada ya saa moja likarudi limeongezwa mstari. "Siku mbaya: treni ya kawaida, tiketi ya kusimama, saa kumi na tatu au zaidi. Sijawahi kujaribu."

Angalau hadanganyi. Naandika na yasiyo na kasoro, kwa haki.

Septemba 10. Mvua imeanza. 142 kwa 90.

Septemba 13, Jumapili. Mvua. 155 kwa 96.

Yin alikuja jana kwa treni ya mwendo kasi, akafika chai ya asubuhi yake bado ya moto kwenye chupa, akaiweka mezani mbele yangu makusudi. Nilipika mbavu, figili, na bamia za kukaanga anazozipenda. Tulikula vizuri hadi aliposema, "Mama, nimenunua mtungi mdogo. Nimekuja kuomba maji."

Nikamwambia maji haya hayavuki Qinling.

"Maji hayavuki au wewe huvuki?"

"Wote wawili."

"Mama, unataka nikae hapa ghorofani nikuangalie ukipima presha?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema mara mia, kwa maneno mengine."

Baba yake akajifanya anatafuta mwiko. Kwenye meza yetu mtu akitaka kukimbia hutafuta mwiko.

Nilichotaka kusema ni kwamba naogopa. Naogopa kuwa kama Mama Leng, kuhesabu ziara kwa vidole na kumtazama mwanangu akilala. Badala yake nikasema kijana ana mabega membamba. Leo mchana ameondoka. Mlangoni amenikumbatia kwa mkono mmoja, mkoba wake ameushika kwa mwingine kana kwamba una mayai.

Septemba 14. Mvua. 150 kwa 94.

Mtu amebadilisha maji ya mfereji wa mtungi. Ni safi, na mimi hubadilisha Jumatano. Mzee Tao anakana.

Septemba 15. Mvua. Mzee Tao bado anakana.

Septemba 18, Ijumaa. Mvua nyembamba. Presha sikupima.

Leo nimefanya jambo ambalo sitamwambia mtu. Nilimwambia Mzee Tao naenda Yanting kwa dada yangu. Nikaenda stesheni, nikanunua tiketi ya treni ya kawaida hadi Xi'an, kiti kigumu. Nilitaka kuipima mwenyewe safari yote, nifike nikiwa na kitu cha kusema ambacho hakimo kwenye jedwali.

Treni ya kijani ni nyumba ya watu wengi. Sijakaa sawasawa, mama mmoja mwenye gunia la kokwa za jozi akanimiminia jozi mkononi. Mbele yangu mzee wa Lueyang alikuwa amevua viatu, anakula njugu na kuniuliza maswali.

"Unakwenda kumwona nani, dada?"

"Mwanangu."

"Ameolewa huko?"

"Bado."

"Basi umefanya la maana. Nenda kabla hajaolewa, wakuogope mapema."

Behewa zima likacheka, nami nikacheka. Tuliipisha kila treni. Tulisimama pembeni ya mto mara mbili tukisubiri wengine wapite, mvua ikitiririka dirishani, na hakuna aliyelalamika. Watu wa treni ya kawaida wamezoea kupisha. Mama wa jozi alinieleza ndoa za watoto wake wanne, za kwanza mbili kwa hasira.

Karibu na Guangyuan, saa ya tatu ya safari, nikaanza kufikiri. Ningefika usiku, nimelowa, sijaalikwa, nagonga mlango ambao mwanangu ana ufunguo wake nami sina. Nimekuja kupima treni, au nimekuja kuvunja ndoa nikiwa na jozi mfukoni? Nikashuka Guangyuan. Mzee wa Lueyang akanipitishia mwavuli dirishani, nilikuwa nimeusahau.

Nimerudi kwa mwendo kasi. Njia iliyonichukua saa tatu nimeirudia kwa chini ya saa moja. Nilinunua yai lililochemshwa kwenye chai stesheni, namaliza kulimenya tumekwisha kufika. Kiti safi, choo safi, kila mtu kimya na simu yake, na hakuna aliyeniuliza ninakwenda kwa nani. Nililikosa swali lile. Lakini nyuma ya kiti changu msichana alikuwa anaongea na simu: "Ndio nakuja, mama, weka wali jikoni." Niliandika dakika zake kwenye mkono: alipiga simu tukiondoka Jiangyou, kituo cha mwisho kabla ya kwetu, na amefika Mianyang wali wa mama yake haujaiva.

Nimemwambia Mzee Tao dada yangu hajambo.

Septemba 21. Mvua. 147 kwa 93.

Septemba 25, Sikukuu ya Katikati ya Vuli. Mvua, mwezi hauonekani. 149 kwa 94.

Yin yuko zamu. Kesho atakula kwa kina Dang. Wadogo zake Mzee Tao wamekuja na keki za mwezi na kelele. Nilikaanga nyama ya mafuta, wakanywa, nikaenda kulala mapema nikiwa nimenuna. Niliwaacha wajihudumie achari wenyewe. Nimeliandika hili kwa sababu baadaye nitataka kujua nani alaumiwe.

Septemba 28. Mvua. 151 kwa 95.

Utando mweupe juu ya maji ya mtungi.

Septemba 29. Mvua. 156 kwa 97.

Nimetia pombe kali vijiko vitatu, tangawizi, kipande cha muwa. Utando mweupe hutibika, nimeutibu mara nyingi. Mzee Tao anazunguka jikoni bila sababu.

Septemba 30. Utando umerudi, na chini yake kuna harufu ambayo siijui. Vijiko vitano vya pombe.

Oktoba 2, Ijumaa. Mvua. 171 kwa 104.

Maji yamekufa.

Asubuhi nilifunua kifuniko, pilipili zimekuwa laini kama kitambaa kilicholowa, maji yanavutika, na juu yake vijiduara vya mafuta. Mafuta. Mzee Tao alisimama mlangoni, akasema bila kuulizwa: "Ni mimi, Mama Yin. Siku ya mwezi. Nilichovya kwa vijiti vya nyama. Nilikuwa nimelewa kidogo na figili zilikuwa chini."

Miaka thelathini na mitano ya ndoa, anajua sheria ya mtungi, kwamba mafuta hayaingii, kuliko jina la mjomba wake. Sikumpigia kelele. Nilikaa kwenye kigoda nikalia. Nililia kwa ajili ya mama yangu aliyetembea na mtungi ule mgongoni kutoka Yanting mguu mmoja umefungwa tambara, na kwa ajili yangu. Nilimnyima mwanangu maji yale nikidhani nayalinda. Kumbe nilikuwa nayaweka mahali pamoja ili yafe yote kwa pamoja. Yangekuwepo Xi'an sasa hivi, kama si ulimi wangu.

Daktari ameongeza vidonge. Mzee Tao alimpigia Yin simu akiwa barazani, akadhani sisikii.

Oktoba 2, jioni.

Yin amepiga. Macho mekundu, yuko chumba cha wauguzi, sare bado mwilini.

"Mama, usinifokee kwanza."

"Sina nguvu ya kufoka."

"Siku ile nilipokuja, nilichota chupa moja ya maji ya mtungi. Baba alishika kifuniko."

Nikamtazama Mzee Tao. Akatazama dari.

"Yako hai, mama. Nimeyaweka kwenye mtungi wangu mdogo, nikaongeza chumvi ya mawe na pilipili manga. Jana nimekula maharage. Yana ladha ya nyumbani mpaka nikaona haya."

Nilikuwa nimeibiwa na nimeshukuru kwa pumzi moja. Akasema hawezi kuja, wodi imejaa na likizo hakuna. Wasafirishaji wa vifurushi hawapokei maji. Nikamwambia hakuna haraka, yakae. Akasema, "Presha yako ni mia na sabini na moja, mama. Usiniambie hakuna haraka."

Oktoba 3, Jumamosi. Mvua. 165 kwa 100.

Kaiyuan amepanda treni. Yin ameandika maneno hayo tu, na: "Mwendo kasi zimekwisha hadi tarehe nane. Kapata kusimama, treni ya kawaida, ya jioni."

Mstari wa siku mbaya. Nimesoma ujumbe huo nikasimama katikati ya jiko kama nimesahau nilichokuja kuchukua.

Oktoba 4, Jumapili. Mvua kubwa hadi mchana.

Angefika asubuhi. Alfajiri ujumbe ulisema wamesimama mlimani, udongo umeporomoka njiani, wanasubiri uondolewe. Baada ya hapo kimya. Mzee Tao alikwenda dirishani mara arobaini. Mama Leng akapanda na uji, akakaa. "Huyu ndiye wa mabega membamba?" akauliza. Nikamwambia anywe uji wake.

Saa saba mchana kengele ikalia.

Alikuwa amelowa magotini, nywele zimesimama upande mmoja, mikono miwili imekumbatia mtungi mdogo uliofungwa kwa taulo la hospitali. Hakuweza kunipa mara moja, vidole vilikuwa vimeganda. Mzee Tao akavifungua kimoja kimoja.

"Shikamoo, shangazi. Mfereji una maji. Nimeuangalia kila stesheni."

Nikafunua. Maji ya rangi ya chai nyepesi, safi, harufu ile ile. Pilipili moja ikaelea juu. Nikafunika haraka ili chozi lisiangukie ndani.

Tukamkalisha. Alisimama kwa saa tisa kwenye kona ya behewa, mlango wa choo ukimgonga mgongoni. Treni ikiyumba maji ya mfereji yanamwagika, akawa anaomba maji yaliyochemka kwa abiria. Mama mmoja akamwuliza kama ndani kuna majivu ya marehemu. Akamwambia ni achari ya mama mkwe. Basi behewa zima likamhurumia, mtu akampa gunia akalie.

"Kwenye ukaguzi Xi'an walikupitisha hivi hivi?" Mzee Tao akauliza.

"Walisema maji yasiyo na lebo lazima ninywe mbele yao, wajue sio petroli."

"Ukanywa?"

"Nikanywa."

"Kutoka mtungini?" nikauliza, na sauti yangu ikatoka vibaya.

Akanitazama kwa macho ya mtu aliyejiandaa kwa swali hilo usiku kucha. "Hapana, shangazi. Yin aliniambia mdomo unayaua. Nilichota kwa kijiko kikavu, nikamimina kwenye kifuniko cha chupa, nikanywa hapo. Kile kijiko sikukirudisha ndani. Askari akasema nifanye haraka. Nikamwambia anisubiri."

"Ladha ilikuwaje?"

"Mbaya sana, shangazi."

Mama Leng ndiye aliyeanza kucheka. Mimi nilifuata na sikuweza kujizuia.

Tulipotulia akasema, polepole, kama mtu anayetoa ripoti ya lifti: "Ulisema tupime kwa siku mbaya. Nimepima. Ni saa kumi na nane, kusimama, na mlima ulioporomoka. Panafikika."

Nilikwenda jikoni kwa sababu nilitaka kumpa mgongo. Nikampikia tambi za mchele za Mianyang zenye supu ya nyama. Amekula bakuli tatu, akasema ni nyembamba mno kuitwa tambi. Nimemsamehe.

Jioni 149 kwa 92, na kidonge nilisahau.

Oktoba 5. Manyunyu. 144 kwa 91.

Nusu ya maji nimeiacha kwenye mtungi mdogo wa Yin, Kaiyuan aurudishe. Nusu imeingia kwenye mtungi mkubwa, ambao Mzee Tao aliuosha, akaukausha kwa moto na kuusugua kwa pombe, mara tatu, akisimamiwa. Kaiyuan amebahatika kupata kiti cha mwendo kasi kilichorudishwa na mtu. Mlangoni alijikwaa ulimi akaniita "mama". Nikamwambia hilo linasubiri chai atakayonimiminia siku ya harusi, kila kitu na siku yake. Masikio yake yakawa mekundu. Ni kweli ni mazuri.

Oktoba 9. Mawingu. 138 kwa 88.

Oktoba 12. Jua. Mara ya kwanza tangu Septemba 10. Mtaa mzima umeanika magodoro.

Oktoba 15. Jua. 136 kwa 86.

Mtungi mkubwa unapumua. Nimeweka sikio, maji ya mfereji yanatoa vipovu, pwa, pwa. Mzee Tao amenunua vijiti vipya kwa ajili ya mtungi tu, akavitundika ukutani mbali na meza. Nimempikia figili.

Oktoba 19. 137 kwa 87.

Nimempigia simu mama yake Kaiyuan. Ilikuwa zamu yangu kupiga tangu Agosti. Nikasema tutakuja Jumamosi, kama bado wanataka kutuona. Akasema, "Dada, nimekanda unga tangu mwezi wa tisa." Sauti yake ni kubwa kama ya mtu anayeita ng'ambo ya barabara.

Oktoba 24, Jumamosi. Jua. Presha sikupima, mashine haikuingia mkobani.

Mzee Tao aliniuliza nataka treni ipi. Nilifikiri kwa muda kuliko alivyotegemea. Nikasema tuende kwa mwendo kasi, kwa sababu nina hamu ya kufika, na turudi kwa ya kawaida, kwa sababu nina mtu wa Lueyang ambaye huenda nikamkuta, na nina jibu lake. Akauliza mtu gani wa Lueyang. Nikamwambia ni hadithi ndefu, tutakuwa na saa kumi na tatu.

Kwenye ukaguzi binti mwenye glavu akaushika mtungi mdogo wa maji niliombebea Yin. "Shangazi, haya ni maji gani? Kunywa kidogo."

Nilikuwa tayari na kijiko kikavu na kifuniko cha chupa. Nikanywa mbele ya foleni nzima, taratibu, nikamwuliza kama naye anataka. Akasema bibi yake pia ana mtungi. Akanipitisha.

Milima ya Qinling sikuiona. Giza, mwanga, giza, mwanga, mto mmoja mkubwa chini yetu, kisha tambarare imefunguka, manjano, kavu, haina mvua. Mzee Tao hakuwahi kumaliza mbegu zake za alizeti.

Oktoba 25, Jumapili. Xi'an, jua kavu.

Mama yake Kaiyuan ana mikono ya kukandia unga na anaongea na kila mtu kana kwamba huyo ni kiziwi. Alitusukumia mabakuli ya tambi pana kama mikanda, siki, na pilipili ya mafuta, mafuta mengi kweli kweli. Nilipoyaona mafuta yale nikaweka vijiti chini. Nikatazama huku na huku, mtungi wa Yin uko wapi katika nyumba hii?

Akanishika mkono akanipeleka mwenyewe. Yin anauacha kwake anapokuwa zamu. Hakuuweka jikoni. Ulikuwa chumbani kwake, kwenye meza ndogo ya dirishani, peke yake. Mfereji umejaa. Kando yake vijiti viwili vimefungwa uzi mwekundu, na karatasi imebandikwa ukutani kwa mwandiko mkubwa wa mtu asiyeandika mara kwa mara: HAKUNA MAFUTA. HAKUNA MDOMO. MAJI YA MFEREJI JUMATANO.

"Sielewi mnakulaje kitu hiki," akaninong'oneza, na mnong'ono wake ulisikika sebuleni. "Lakini dada, nilipiga goti nikamwomba mwanangu asinipe kazi ya kukiangalia, nikanyimwa. Nanawa sabuni mara mbili kabla ya kuingia humu. Kimeharibika?"

Nikainama, nikafunua, nikanusa. Nilikagua kama nilivyokagua maelfu ya televisheni. Sikupata kasoro.

Nimemimina ndani yake yale niliyobeba, mwenyewe, kwa mkono wangu, mbele ya Yin. Alishika kifuniko.

Harusi ni mwezi wa tano, pilipili changa zikitoka. Baada ya chai mama yake Kaiyuan alitoa mashine yake ya presha, naye ana ya kwake, tukapimana zamu kwa zamu mezani kama wasichana wanaopimana vimo. Yake 139 kwa 88.

Yangu 126 kwa 80. Imepimwa Xi'an.